Mwembe wa Uani Hutazamwa Kuanzia Miguuni

Mhadhara kwa wakazi wa mtaa mmoja jijini Tanga, wiki chache kabla ya masika

Assalamu alaikum, na habari za jioni kwa wote. Wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni kama mna safari, ingieni, viti vipo.

Mwenyekiti wa mtaa aliniita nije kuzungumzia miti inayoangukia nyumba. Nimefanya kazi ya misitu miaka mingi, na nimeitwa mara nyingi kutazama mti uliokwisha kulala juu ya bati. Watu huniambia, "Upepo wa jana, fundi." Mimi huinama shinani, halafu hunyamaza, maana mwenye nyumba yumo kwenye msiba. Leo hakuna msiba, kwa hiyo nitasema: mara nyingi upepo ulikuja kumalizia tu. Kazi ilishafanywa miaka mingi nyuma, kwa panga, kwa saruji au kwa kiberiti.

Sisemi upepo si kitu. Aprili 1872 kimbunga kilipita Unguja kikalaza mikarafuu mashamba kwa mashamba. Na Mei 2024 sote tulikuwa hapa tukisikiliza redio habari za kimbunga Hidaya. Upepo wa namna hiyo haubagui. Lakini pepo zetu za kila mwaka, kaskazi na kusi, mti mzima unazijua tangu utotoni. Ukiangushwa na kusi ya kawaida, kuna jambo.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Kwa bibi yangu, Muheza, kulikuwa na mwembe mkubwa karibu na jiko. Bibi alikuwa akiuogopa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na shoka jipya. Nikaupanda, nikaukata kichwa chote, ukabaki nguzo yenye vidole. Baada ya miezi ukachipua chipua nyingi kama nywele, bibi akafurahi, akasema mti umerudi usichana. Miaka kama kumi na miwili baadaye, chipukizi mojawapo, limeshakuwa nene kama paja langu, lilichomoka saa nne asubuhi, jani halitikisiki, likavunja lile lile jiko. Bibi alikuwa kisimani, alhamdulillahi.

Tawi la asili hukua pamoja na shina. Mwaka kwa mwaka mbao zao husukana kama ukili. Chipukizi la kwenye jeraha limeshikwa na tabaka la juu tu, chini ya gome, na nyuma yake pale ulipokata panaoza taratibu. Linarefuka upesi, linabeba maembe, na halikuingia ndani ya shina. Kwa hiyo fundi akija kwako akasema, "Mama, tuunyoe tu mti huu kipara, utakuwa salama," mpe maji ya kunywa, mshukuru, aende zake.

Alikuwepo Mmarekani mmoja, Alex Shigo, mtumishi wa idara ya misitu ya kwao. Alipasua miti kwa maelfu, akiichana kwa chensoo toka juu hadi chini aone uozo unavyotembea ndani. Mwaka 1977 yeye na wenzake walichapisha walichokiona: mti hauponi kidonda kama sisi. Ngozi yetu ikikatika, nyama mpya hujaa. Mti hujenga kuta kuuzunguka uozo, ukaufungia humo, kisha ukaota juu yake. Kwa hiyo kila panga mlilowahi kuutia mwembe wenu bado limo ndani hadi leo, hata kama nje pameziba.

Ndiyo maana sipendi kuona shimo la mti limejazwa zege. Mti hucheza na upepo, zege haichezi, inasugua kuta zile na kushika maji. Rangi juu ya jeraha nayo haizuii uozo. Na asiwadanganye mtu mtoboe tundu chini ili maji yatoke, mtakuwa mmeutoboa ukuta uliokuwa ukiwalinda.

Sasa tushuke miguuni, huku ndiko ninakotaka tukae.

Mti mzima hutanuka pale unapoingia ardhini, kama mguu wa tembo. Mkirudi nyumbani leo, angalieni. Ukiona shina limezama wima kama nguzo ya umeme, ujue pamefukiwa. Tulijaza kifusi tukisawazisha uwanja, tukatandika pevingi hadi kwenye gome. Mizizi mingi ya mti iko nusu mita hivi ya juu tu, imetambaa mbali kupita kivuli chake, na inavuta hewa. Ukiifunika kwa zege, inakufa kimya kimya, na majani juu yanaweza kuendelea kuwa mabichi miaka kadhaa. Halafu tunachimba karo upande huu, msingi wa ukuta upande ule, na fundi anapiga sururu mzizi mnene kama mkono. Nauliza: mtu ukimkata vidole vya mguu mmoja, kusi ikivuma ataanguka upande gani?

Na moto. Kina mama mnisamehe, uwanja wa Tanga ukifagiwa asubuhi unapendeza mno, nami nimelelewa kwenye uwanja wa namna hiyo. Lakini majani yale yakisukumwa shinani yakachomwa, gome linaweza kuonekana limeungua kidogo tu, kumbe ile ngozi hai chini yake, nyembamba kama karatasi, imekufa. Pale ndipo uozo unapoingilia. Acheni majani yatandazwe chini ya mti, kiganja kimoja mbali na shina. Pakionekana pachafu, semeni mimi ndiye niliyewaagiza.

Mara nyingine uozo hujitangaza. Ukiona shinani uyoga mgumu uliojishika kama kibao cha rafu, mgongo wa kahawia unaong'aa, ukingo mweupe, na vumbi kama la kakao limetapakaa chini yake, huo hauliwi wala haudharauliwi. Kuuvunja hakusaidii, huo ni tunda, mwili wenyewe umo ndani ya mti. Mchwa je? Mara nyingi wanafuata mbao zilizokwisha kufa, lakini ukiwaona, tafuta kilichoua.

Kuinama peke yake si ugonjwa. Mti ulioinama tangu mchanga hunyanyua kichwa kutafuta jua, shina likawa na mpindo. Wa kukimbiwa ni ule uliokuwa wima mwaka jana, leo umelala, na upande wa pili wa shina ardhi imepasuka au imevimba. Huo usisubiri kikao cha mtaa. Hamisheni watu kwanza.

Nimekuja na vifaa vyangu: nyundo ya mbao, spoki ya baiskeli, na futi ya fundi cherehani. Nagonga shina kulizunguka. Mbao nzima hujibu kwa mlio mkavu, palipo wazi hujibu kama ngoma. Nikipata tundu naingiza spoki nione ukuta ulio mzima una unene gani. Kisha napima mzingo, nagawa kwa 20. Mwembe wenye mzingo wa sentimita 300 unataka ukuta mzima wa kama 15 kuuzunguka wote. Hicho ni kipimo cha kuanzia tu, na shina lililopasuka upande mmoja linahitaji zaidi. Lakini kinatuliza watu: mti wenye uwazi ndani unaweza kusimama vizuri, kama bomba linavyosimama. Mbuyu ndio kabisa, uwazi kwake ni kawaida, na hata gome ukilibandua huota jingine. Mwembe hauna bahati hiyo. Mnazi nao una hesabu yake: kidato ulichouchongea cha kupandia hakifungiki maisha.

Likibidi tawi kuondoka, subirini maembe yaishe, masika haijashika. Mkato wa kwanza utokee chini, futi moja toka shinani, uingie robo ya unene. Wa pili utokee juu, mbele kidogo ya ule, tawi lianguke bila kuchana gome. Wa tatu uondoe kigutu, nje kidogo ya ule mkunjo wa shingoni unaofanana na kola ya shati. Kola isiguswe, humo ndimo mti unamojengea ukuta wake. Tawi likiwa limegusa waya wa umeme, hakuna mkato wa kwanza wala wa tatu, piga simu TANESCO, ukae mbali. Na mti mzima ukitaka kukatwa, onana kwanza na ofisa misitu wa halmashauri.

Mzee hapa mbele aliniuliza kabla hatujaanza: mti wake umeoza, lakini aliupanda baba yake. Lazima afe nao? Nilimuuliza chini ya mti kuna nini. Akasema banda la kuku na benchi la bao. Basi, mzee wangu, hamisha benchi na banda, upunguziwe matawi marefu kidogo kidogo, mwaka huu na mwaka kesho, mti ubaki mfupi. Bao linachezeka hata barazani.

Ule wa bibi ndivyo nilivyoufanya mwishowe. Umebaki kimo cha mtu na nusu, ndani wazi, na bundi amehamia. Mama mdogo ananipigia simu kila wiki nikamfukuze, anasema ni nuksi. Nami kila wiki namuuliza siku hizi panya wa ghalani wako wangapi.