Ukurasa Ulio Juu Umepandishwa na Nani?

Walimu wangu, wanafunzi, wageni wetu, habari za jioni. Nimeombwa nieleze kwa nini ukitafuta kitu Google, ukurasa huu unatangulia na ule unatupwa huko nyuma ambako hakuna mtu anayefika. Muda ni mfupi, kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye viungo, yaani yale maandishi ya kubofya yanayokupeleka ukurasa mwingine, maana hapo ndipo mambo yalipogeuka.

Kwanza tuondoe dhana moja. Unapobofya kutafuta, mtambo wa utafutaji kama Google hauanzi kuzunguka mtandaoni muda huo. Ulishazunguka zamani. Kuna programu zinazofungua ukurasa, zinausoma, kisha zinafuata kila kiungo kilichomo mpaka ukurasa mwingine, usiku na mchana. Yaliyosomwa huingizwa kwenye faharasa: kila neno na orodha ya kurasa lilimo. Ukiandika "bei korosho Mtwara", mtambo unakutanisha orodha tatu. "Bei" limejaa kila mahali, halisaidii sana. "Korosho" na "Mtwara" ni adimu zaidi, basi hayo ndiyo hupewa uzito. Hesabu hiyo ya uadimu wa neno iliandikwa na Karen Spärck Jones, mwanamama wa Uingereza, mwaka 1972. Wavuti wenyewe ulikuwa haujazaliwa.

Ubaya wake ni kwamba maneno hughushiwa kirahisi. Miaka ya 1990 watu waliandika neno lilelile mara mia kwa herufi nyeupe juu ya ukurasa mweupe. Msomaji haoni kitu, mtambo unaona, na tovuti inapanda.

Mwaka 1996, Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wanafunzi wawili, Larry Page na Sergey Brin, wakaanza mradi wakauita BackRub, ambao baadaye ukawa Google. Walichofanya ni kuacha kuuliza ukurasa unajisemaje, wakauliza wengine wanausemaje. Anayeweka kiungo kwenda kwako amekupigia kura. Ila kura hizi hazilingani. Ukimtafuta fundi cherehani Kariakoo, sifa kutoka kwa mpita njia ni sawa, lakini akitajwa na fundi mwenzake anayeheshimika, hapo unakwenda bila kuuliza tena.

Ngoja nichore ubaoni. Tuna kurasa tatu: A, B na C. A ina viungo viwili, kimoja kwenda B na kimoja kwenda C. B inaelekeza C tu. C inaelekeza A tu. Kila ukurasa una alama, yaani uzito wa kura yake, na alama zote jumla yake ni 1; unazigawa sawasawa kwa kurasa unazozielekeza. Zungusha hesabu tena na tena mpaka zitulie, utapata A ina 0.4, B ina 0.2, C ina 0.4. Hakikisheni wenyewe: A inatoa 0.2 kwa B na 0.2 kwa C. B inampa C ile 0.2 yake yote. C inarudisha 0.4 kwa A. Sasa tazameni vizuri. C imepata viungo viwili, A imepata kimoja tu, na bado zimelingana! Kile kimoja cha A kimetoka kwa mkubwa.

Je, kurasa chache zikielekezana zenyewe kwa zenyewe, si alama zote zitanasa humo? Zingenasa. Ndiyo maana Page na Brin walimfikiria mtu anayebofya ovyo: mara 85 kati ya 100 anafuata kiungo, zile 15 anachoka na kurukia ukurasa wowote. Katika makala yao ya 1998 walisema alama za kurasa milioni 26 zinaweza kukokotolewa kwa saa chache kwenye kompyuta moja ya kazi yenye uwezo wa kati. Na tuwe waadilifu: Robin Li, aliyekuja kuanzisha Baidu ya China, naye alikuwa akipanga kurasa kwa viungo mwaka huohuo wa 1996. Simulizi za mashujaa walioanzia gereji, kama Page na Brin, humsahau.

Kura zikishakuwa na thamani, zitanunuliwa. Hilo nyie hamhitaji kufundishwa. Februari 2011 gazeti la New York Times lilianika kwamba duka kubwa la Marekani, J. C. Penney, lilikuwa juu kwa bidhaa chungu nzima kwa sababu ya maelfu ya viungo vilivyotundikwa kwenye tovuti ambazo nyingi hazikuhusiana na bidhaa hizo. Duka lilisema halikuidhinisha jambo hilo. Google ikaingilia kati, na kwenye utafutaji wa mabegi ya safari ya Samsonite wakaporomoka kutoka nafasi ya 1 hadi ya 71 ndani ya saa mbili.

Siku hizi kiungo ni kipimo kimoja kati ya vingi. Mahali ulipo hutazamwa, kasi ya ukurasa pia, na tangu 2019 Google hutumia BERT, programu iliyofunzwa lugha, kuelewa maneno yanavyotegemeana kwenye swali. Hata hivyo, kwa Kiswahili hapa ndipo naona tunajipunja. Mwandishi anaitaja ripoti, anainukuu mistari minne, kisha haweki kiungo. Msomaji anashindwa kuifikia, na mtambo nao unakosa ushahidi kwamba kuna mtu aliyeithamini ripoti ile. Ukurasa mzuri wa Kiswahili usioelekezwa na yeyote huenda hata usifikiwe na zile programu zinazozunguka, kwa kuwa hazina njia ya kupitia.

Naona mikono imeshainuliwa kule nyuma. Karibuni, tuanze na dada aliyeshika daftari.