Kozi ni ya Kiingereza, Maisha ni ya Kichina

Mhadhara kwa wanafunzi wanaojiandaa kwenda kusoma China, Dar es Salaam

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, wazazi mliowasindikiza vijana wenu, na ninyi wadogo zangu ambao wengine bado mnasubiri viza: wakubwa shikamooni, na wengine wote habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya kila siku ya mwanafunzi mgeni nchini China. Niliishi Wuhan, makao makuu ya mkoa wa Hubei, kuanzia mwaka 2014 hadi 2018, nikisomea uhandisi wa ujenzi katika kozi iliyofundishwa kwa Kiingereza. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonileta hapa, kwa sababu nimesoma barua za kukubaliwa za baadhi yenu na nimeona mlivyoyapigia mstari kwa furaha, kama nilivyofanya mimi. Ninachotaka mkielewe kabla ya kupanda ndege ni kwamba maneno yale yanahusu ukumbi wa mihadhara tu. Ukishatoka mlangoni, mlinzi wa geti, mpishi wa bwalo, karani wa benki, daktari, dereva wa basi na muuza matunda watazungumza nawe Kichina, na katika Wuhan wengi wao watazungumza Kichina cha Hubei, ambacho hata Mchina wa Beijing hukitegea sikio.

Tulio na uzoefu huu si wachache. Mwaka 2018, mwaka niliohitimu, Wizara ya Elimu ya China ilihesabu wanafunzi wa kigeni 492,185, na kati yao 81,562 walitoka Afrika. Nimeishi na baadhi yao, na nawaambia kwa uhakika kwamba waliorudi wakiwa na furaha na waliorudi na uchungu hawakutofautiana sana kwa alama za mitihani. Walitofautiana kwa namna walivyoutumia ule mwaka wa kwanza kujifunza lugha.

Nianze na siku za mwanzo. Viza ya mwanafunzi anayekwenda kwa zaidi ya siku 180 huitwa X1, na kazi yake ni kukuingiza nchini tu. Ndani ya saa 24 tangu ufike, unatakiwa uwe umeandikishwa polisi mahali unapolala, na ndani ya siku 30 uwe umeomba kibali cha ukaazi. Anayelala bwenini kwa kawaida huandikishwa na chuo, lakini anayefikia kwa rafiki aliyepanga mtaani anapaswa kwenda kituoni yeye mwenyewe au mwenyeji wake, na wengi hulisahau hilo kwa uchovu wa safari. Katika siku hizo hizo utatolewa damu, utapigwa eksirei, utajaza fomu, na karibu kila karatasi itahitaji mhuri mwekundu wa mviringo. Karatasi isiyo na mhuri huo, hata ikiwa na saini ya profesa, haina uzito.

Kwenye karatasi hizo naomba mniruhusu nikae kidogo na suala la majina. Sisi tuna majina matatu: la kwako, la baba na la babu. Mchina kwa kawaida ana herufi mbili au tatu kwa jina lake zima, na fomu nyingi zimepangwa kwa kipimo hicho. Chuo kiliniandika kwa majina mawili katika orodha ya ufadhili, benki ikaniandika kwa matatu yaliyounganishwa bila nafasi, na fedha za kujikimu za mwezi wa kwanza na wa pili zikakataa kuingia kwa sababu mwenye ufadhili na mwenye akaunti walionekana kuwa watu wawili. Ufadhili wa Serikali ya China hulipa yuan 2,500 kwa mwezi kwa shahada ya kwanza, 3,000 kwa uzamili na 3,500 kwa uzamivu. Ni fedha zinazomtosha mtu mwenye nidhamu, lakini kuzikosa miezi miwili ukiwa ugenini ni mateso, kwa hiyo asiondoke mtu hapa bila akiba ya kula ya muda kama huo.

Nilikwenda benki mara tatu nikiwa na tafsiri ya simu, na mara zote tatu karani aliisoma, akatikisa kichwa, akanirudishia pasipoti. Kabla ya mara ya nne, mwalimu wangu wa lugha aliniandikia sentensi fupi na kunikalisha ofisini kwake mpaka nikaitamka sawasawa: jina hili na jina lile ni la mtu mmoja, naomba mnieleze ni barua gani inahitajika. Karani yule yule alinisikiliza hadi mwisho, akanyanyuka, akaniita kwenye dirisha la pembeni, akaniandikia kwa mkono wake maneno yanayotakiwa kuwa katika barua ya chuo. Siku iliyofuata nilipata fedha zangu. Tangu siku ile sikukosa tena kipindi cha lugha, ambacho kwa kozi yetu kilikuwa mara mbili tu kwa wiki na wenzangu wengi walikitoroka kwa sababu alama zake hazikuwa na uzito mkubwa.

Kiswahili hakina toni, na hapo ndipo kazi yetu ilipo. Kununua na kuuza kwa Kichina ni silabi moja, mai: ukiishusha kisha ukaipandisha, umenunua, ukiiangusha ghafla, umeuza. Sisi tumezoea kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na kuishusha ya mwisho, na nilivyosikia kwangu na kwa wenzangu, mazoea hayo huyafanya maneno yetu mengi ya Kichina yaanguke, hata yale yasiyopaswa kuanguka. Dawa niliyoiona ni kuyasema kwa sauti mbele ya mtu atakayekusahihisha bila huruma. Kwangu mtu huyo alikuwa mama wa bweni.

Tulimwita ayi. Kwa asili neno hilo ni dada wa mama, yaani mama mdogo, na Wachina humwita hivyo mwanamke yeyote wa rika la mama zao. Kwa kazi, alikuwa matroni. Alikaa chini ngazini nyuma ya dirisha la kioo, na mbele yake daftari, fungu la funguo na chupa ya kioo yenye majani ya chai yanayoelea, ambayo aliiongeza maji ya moto kutwa nzima. Kila nilipopita aliniuliza, "Ni chi le ma?", yaani umekula? Kwa wiki kadhaa nilimjibu kwa kumweleza nilichokula au kwa nini sijala, mpaka nikatambua kwamba kwa watu wa umri wake hiyo ni salamu, kama vile umeshindaje, na jibu lake ni fupi: nimekula, na wewe je? Baada ya hapo alianza kunisimamisha. Alinirudishia kila neno nililolitamka vibaya, mara tatu, mara nne, na aliporidhika aligonga daftari kwa kalamu na kuniruhusu nipande.

Kuhusu chakula nitasema machache, maana hapo vijana hujifunza haraka. Bwalo la chuo lina bei nafuu na unalipa kwa kadi. Asubuhi Wuhan nzima hula reganmian, tambi za moto zilizochanganywa na rojo ya ufuta, katika bakuli la karatasi, wengi wakiwa wamesimama au wanatembea. Unga wa mahindi upo madukani, wa njano na wa chengachenga, na ugali unawezekana ikiwa bweni lina jiko la pamoja. Kupika chumbani ni marufuku, na vyombo vya umeme vikikutwa huchukuliwa. Ndugu zangu Waislamu wazingatie jambo moja: neno rou, nyama, likisimama peke yake kwenye orodha ya chakula huwa ni nguruwe, na hata mboga huweza kukaangwa kwa mafuta yake. Tafuteni maandishi ya qingzhen, ambayo mara nyingi huambatana na maandishi ya Kiarabu. Vyuo vingi vina jiko la namna hiyo, na migahawa ya tambi za Lanzhou, ambayo mingi huendeshwa na Waislamu kutoka Qinghai na Gansu, iko karibu kila mtaa.

Simu ndiyo pochi yako na ndiyo sanduku lako la barua. Nilipofika bado tulilipa kwa noti. Nilipoondoka, hata mzee aliyechoma viazi vitamu kwenye pipa nje ya geti letu alikuwa amening'iniza karatasi ya msimbo wa kupiga picha kwa simu, ili umlipe kwa programu za WeChat au Alipay. Google, Facebook na YouTube hazifunguki kwa njia ya kawaida, na mwaka 2017 WhatsApp nayo ilifungwa nikiwa huko. Kwa hiyo, wazazi, fungueni akaunti za WeChat, ambayo pia ni ya kutumiana ujumbe na kupigiana simu, sasa vijana wangali nyumbani, maana akaunti mpya mara nyingi hudai kuthibitishwa na mtu ambaye tayari anayo. Kumbukeni pia kwamba China nzima hufuata saa ya Beijing, ambayo iko mbele yetu kwa saa tano. Mama akipiga simu saa tatu usiku, mwanawe anapigiwa saa nane za usiku wa manane.

Baridi ya Wuhan haina ukali wa ile ya Beijing, lakini huumiza kwa namna yake. Tangu miaka ya 1950 majengo ya kaskazini mwa mstari wa milima ya Qinling na mto Huai ndiyo yaliyowekewa mfumo wa pamoja wa kupasha joto, na Wuhan iko kusini mwa mstari huo. Ndani na nje hulingana. Nililala na soksi na koti.

Katika kipupwe cha pili niliugua tumbo usiku, na ayi ndiye aliyenikuta nimejikunja kwenye ngazi alfajiri. Alimpigia simu mtu wa kumshikia zamu, akanifunga skafu yake shingoni, tukaondoka. Hospitali ya China ina utaratibu ambao lazima uujue ukiwa mzima: kwanza unajiandikisha dirishani na kulipia namba, kisha unamwona daktari, daktari anaandika vipimo, unarudi dirishani kuvilipia, unapimwa, unarudi kwa daktari na majibu, halafu unalipia dawa. Kila hatua ina foleni na kila foleni inataka fedha kwanza. Bima huja kurudisha baadaye, na bila risiti halisi hairudishi. Mlango wa chumba cha daktari ulikuwa wazi, na wagonjwa wengine watatu walisimama nyuma yangu wakisikiliza.

Daktari alizungumza Kiingereza kidogo. Aliniuliza kwa lugha hiyo kama nina maumivu, nikajibu ndiyo, na tukakwama hapo, kwa sababu neno lile moja halikumwambia kitu. Ayi akainama akaniuliza kwa Kichina, polepole, kwa maneno aliyojua ninayo: ni teng, la kuuma? Ni zhang, la kujaa na kuvimba? Ni suan, la kuchoka kama misuli iliyofanya kazi? Nilishangaa, hata katika hali ile, kuona kwamba lugha hii inagawa maumivu kama tunavyoyagawa sisi, ambao tumbo letu huuma, hukata, huvuta, hunyonga na huchoma, na kila neno lina ugonjwa wake. Nilijibu zhang, kisha teng, nikamwonyesha daktari mahali maumivu yalipoanzia na yalipohamia. Akaacha kuandika, akanibonyeza upande wa kulia chini, na mchana ule ule nikafanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Mwalimu wangu wa hesabu, ambaye Kiingereza chake kilikuwa kizuri, alifika jioni.

Sitawaambia kwamba lugha hutatua kila jambo. Watu watawatazama, watawapiga picha bila kuwaomba, watawagusa nywele, na ndani ya basi lililojaa kiti cha pembeni yenu huenda kikabaki kitupu. Mara nyingi, ukiweza kusalimia na kujibu swali la bibi anayetaka kujua umetoka wapi, mtazamo hubadilika kuwa mazungumzo, na mazungumzo hayo yalinipa marafiki ambao hadi leo tunaandikiana. Lakini Aprili 2020, katika hofu ya korona, Waafrika wengi huko Guangzhou, wakiwamo wanafunzi, walitolewa katika nyumba na hoteli walimokuwa wakiishi, mpaka mabalozi wa nchi za Afrika mjini Beijing wakaandika barua ya pamoja ya malalamiko. Miongoni mwa waliolala nje walikuwamo watu wanaozungumza Kichina kizuri kuliko changu, na haikuwasaidia. Kwa siku kama hizo kariri namba ya simu ya ubalozi wetu, na usikae bila kujulikana na wanafunzi wenzako wa nyumbani walio katika mji huo.

Mwisho ni kazi. Kibali cha ukaazi cha mwanafunzi hakimruhusu kufanya kazi ya malipo bila idhini ya chuo na alama ya idara ya uhamiaji kwenye kibali chenyewe. Utafuatwa na watu wanaotafuta mtu wa kufundisha Kiingereza katika shule za chekechea, nao watakuambia kwamba kila mtu anafanya hivyo. Nawajua vijana waliofukuzwa nchini wakiwa wamebakiza muhula mmoja.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Ambao fomu zenu za JW201 au JW202, zile za kuombea viza ya masomo, zimeshafika, njooni hapa mbele pamoja na pasipoti zenu, tulinganishe majina herufi kwa herufi kabla hamjazipeleka ubalozini.