Wakili Akikupigia, Muulize Kwanza Anamwakilisha Nani

Wanataaluma wenzangu, asanteni kwa kufika. Leo sitaeleza namna ya kuandika malalamiko kwa baraza la taaluma. Wengi mliomo humu mmeshayaandika, na ndiyo maana mmekuja. Nataka tuzungumzie kinachofuata. Umemlalamikia mwenzako wa kazini, muda umepita kimya, halafu simu inaita na mtu anajitambulisha kuwa ni wakili.

Swali lako la kwanza ni hili: unamwakilisha nani? Nimelisema kila nilipopewa nafasi ya kusimama mbele ya watu, na nalisema tena kwa sababu watu hunitikisia kichwa, wakarudi makwao, wakapigiwa simu, wakasahau.

Muuguzi mmoja alimlalamikia mwenzake wa wodi ileile. Dawa za maumivu makali zilikuwa zikiandikwa kwenye daftari kuwa zimetolewa, ilhali wagonjwa wanalia hadi asubuhi. Malalamiko yake yalikuwa mazito na ya kweli. Akapigiwa simu na mtu mwenye sauti ya upole: "Mimi ni wakili, nashughulikia lile suala lako la baraza." Suala lako! Dada wa watu akaamini amepata mtetezi. Akafunguka. Akaeleza usiku aliokuwa zamu na usiku aliosimuliwa tu. Alipoulizwa kama wanaelewana na yule mwenzake, akajibu kwa unyoofu kwamba waliwahi kukosana kuhusu ratiba ya likizo. Hakusema uongo hata kidogo. Lakini utetezi ulipofika barazani, ulianza hivi: mlalamikaji anakiri hakuwapo, tena ana ugomvi na mteja wetu. Zile zamu ambazo aliona kwa macho yake mwenyewe hazikutajwa popote. Mchunguzi wa baraza akalazimika kuchambua ugomvi wa likizo kwanza, ndipo arudi kwenye dawa.

Yule wakili alidanganya? Hakutamka neno la uongo. Hakuulizwa ni wa nani, naye hakusema. Ila kunyamaza huko nako kuna mipaka. Chukueni kanuni za mfano za maadili ambazo chama cha mawakili cha Marekani kilizipitisha mwaka 1983, na ambazo majimbo ya nchi hiyo yamezitumia kutunga kanuni zake. Kanuni ya 4.3 inasema wakili anayezungumza na mtu asiye na wakili asijifanye kama vile hana upande. Akijua, au ikiwa alipaswa kujua, kwamba mtu huyo hajaelewa nafasi yake, ni juu yake kumweleza. Na pale maslahi ya mtu huyo yanapoweza kupingana na ya mteja wake, asimpe ushauri wowote wa kisheria isipokuwa mmoja: tafuta wakili wako. Kwa hiyo anayekuambia "hata huhitaji wakili, hili ni dogo" ameshatoa ushauri asioruhusiwa kuutoa. Mahali ulipo kanuni zinaweza kuandikwa kwa maneno mengine. Isome ya kwako. Swali la nani anamwakilisha nani halibadiliki popote.

Kuna anayetaka kuniambia, naona usoni, kwamba nawapaka mawakili matope. Hapana! Mwenzako uliyemlalamikia anaweza kupoteza leseni, na leseni ndiyo riziki yake. Ana haki ya kusikilizwa na haki ya kutetewa kwa nguvu zote. Baraza lisilomsikiliza mlalamikiwa halifai, na uamuzi wake utatenguliwa mahakamani, kazi yako yote ipotee. Wakili wake kukutafuta si kosa. Sheria ya Uingereza, kwa mfano, inashikilia kwamba shahidi si mali ya upande wowote, kwa hiyo kila upande unaweza kumwomba mazungumzo. Kuomba ni ruhusa yake, na kukataa ni ruhusa yako.

"Lakini nikikataa, si nitaonekana naficha kitu?" Swali hili linanichosha, kwa kuwa linaulizwa na watu waaminifu, na uaminifu wao ndio unaowaponza. Huna unachoficha: umeshasema, tena kwa maandishi, mbele ya chombo chenye mamlaka ya kuchunguza. Usiporudia kwenye simu hujabatilisha hata mstari mmoja. Ukirudia kwa maneno tofauti kidogo, kwa uchovu tu, hapo ndipo utakapoulizwa kwa nini maelezo yako ni mawili. Mwambie hivi: "Nimekusikia. Niandikie barua, eleza unamwakilisha nani na unataka nini. Nitajibu baada ya kupata ushauri." Kisha aga kwa heshima na ukate simu. Usibaki kupiga soga. Andika papo hapo jina, saa, namba na alichouliza, halafu mjulishe mchunguzi wa baraza. Na hakikisha jina hilo limo kwenye orodha rasmi ya mawakili. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kujiita wakili.

Sasa wakili wa mwajiri. Huyu ndiye anayewapoteza wengi, maana mnakutana naye kwenye korido, mnalipwa na mfuko mmoja, na anakuita ofisini "tusaidiane." Kumbuka kwamba mteja wake ni taasisi. Mwaka 1981 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya kampuni ya Upjohn, ilikubali kwamba mazungumzo ya wafanyakazi na wakili wa kampuni yanaweza kulindwa kwa siri. Siri hiyo ni ya kampuni. Kesho kampuni ikiona inafaa kuyatoa uliyoyasema, itayatoa, na wewe huna sauti. Tangu hapo mawakili makini wa makampuni huanza mahojiano kwa onyo: mimi si wakili wako. Asipokupa onyo hilo, muulize wewe. Hapa, hata hivyo, usikimbilie kukataa kama nilivyosema kwa yule wa kwanza, kwani mkataba wako wa kazi huenda unakulazimisha kushiriki uchunguzi wa ndani. Omba muda, omba wito kwa maandishi, uliza kama unaweza kuingia na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Na kama kuna uwezekano wowote kwamba kosa lile litakugusa hata wewe, kwa mfano uliweka saini kwenye daftari lilelile, usiseme lolote kabla ya kumwona wakili wako mwenyewe. Baadhi ya bima za kitaaluma hulipia ushauri huo. Soma yako usiku huu.

Wakili wa baraza naye si wako. Nasikia minong'ono. Ndiyo, si wako! Yeye anasimama kwa niaba ya baraza, na baraza kazi yake ni kulinda umma. Mpe ushirikiano kamili, thibitisha kwanza kwamba kweli ametumwa na baraza, lakini usimwombe ushauri wa mambo yako binafsi.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nitakimbia. Hati ya wito si simu, ukiletewa usiitupe. Ina tarehe, na kuipuuza kunaweza kukufikisha pabaya, kwa hiyo ipeleke kwa wakili siku hiyohiyo. Usifute ujumbe wowote, hata ule unaokuaibisha. Usichukue faili za wagonjwa au wateja kuzipeleka nyumbani eti ni ushahidi, utageuka mlalamikiwa. Mwambie mchunguzi ziko wapi, ana njia zake. Kurekodi simu kimyakimya ni kosa katika baadhi ya maeneo, jimbo la California nchini Marekani kwa mfano, kwa hiyo daftari lako linatosha. Na kundi la WhatsApp la kazini, jamani, si mahali pake.

Barua ya kutishia kukushtaki kwa kashfa: nchi nyingi humkinga aliyelalamika kwa nia njema kwenye chombo halali. Kinga hiyo haifuati maneno unayoyamwaga kantini. Barua hiyo usiijibu mwenyewe.

La mwisho, maana hili linakuja likiwa limevaa nguo za suluhu: unaambiwa uondoe malalamiko, utapewa chochote. Usipokee. Malalamiko yakishapokelewa si mali yako tena, na baraza laweza kuendelea nayo hata ukijitoa. Pesa hiyo inaweza kusomeka kama hongo ya shahidi, na mpokeaji ni wewe, mwenye leseni. Ujumbe huo mpelekee mchunguzi kama ulivyo, usibadilishe hata nukta.

Hatua za kulipizwa kisasi kazini sijazigusa, na najua ndizo zilizowaleta nusu yenu. Tuzichukue kwenye maswali. Mama pale nyuma uliyeinua mkono tangu mapema, anza wewe.