Rotile mpya, pine imekwisha

BAHATI: Karibuni tena, mi ni Bahati, niko na Furaha hapa Goma, na leo tunaongelea gari yake ju wiki nzima amenichosha nayo.

FURAHA: Yaya Bahati, usinianze! Si ni wewe ulisema ile kelele ni mawe tu ya barabara?

BAHATI: Sasa huku kwetu mawe yanakosekana wapi? Tangu lava ya 2002 kuna avenue zingine ni mawe tupu.

FURAHA: Ilikuwa inagonga tak tak nikikata kona, vola, ule usukani, unashika sawa lakini gari inajitafutia njia yake. Nikapeleka kwa fundi, akaiinua na kriki, ile jeki, akashika pine, ile tairi, kushoto na kuume akatikisa, ikacheza.

BAHATI: Hapo ni rotile ya direksio, kile kiungo cha mwisho kinachoshika pine na usukani, ama ile biyelete, fimbo ya ndani kwenye kremayere, ile chuma ya meno ya usukani. Ingecheza ukishika juu na chini, ningekwambia angalia rulema, ile beringi ya gurudumu.

FURAHA: Ni rotile. Kauchu kake kamepasuka, grese hakuna, ndani mumejaa vumbi nyeusi utasema kahawa.

BAHATI: Na hiyo vumbi ni mawe ya volkano yamesagika, inakula chuma kama msasa.

FURAHA: Basi akaweka mpya, nikalipa, nikafurahi, nikawa naenda Sake, ule mji wa jirani, narudi. Wiki tatu tu, mtoto wa kuosha gari ananiambia mama, kuja uone, pine upande wa ndani inaonyesha waya!

BAHATI: Fundi alihesabu?

FURAHA: Nini?

BAHATI: Mizunguko! Unalegeza kwanza ile ekru, ile nati, ya kufunga, unatoa gupiye, ile pini ya kuzuia nati, na ekru ya rotile, lakini hiyo ekru unaiacha imeshika uzi kidogo, kisha unagonga na nyundo ubavu wa chuma inayoshika rotile, usigonge rotile yenyewe, itaachia tu. Sasa ukianza kuizungusha kuitoa unahesabu, kama ni 17 basi mpya nayo inaingia 17. Gupiye unaweka mpya, na kama tundu halijalingana unakaza mbele kidogo, haulegezi.

FURAHA: Yeye aliizungusha tu huku anaongea telefone.

BAHATI: Unaona! Na hata angehesabu vizuri, hiyo ni ya kukufikisha tu kwa watu wa paralelisme, wale wa kulinganisha pine zikae sawa. Kidogo tu isipolingana pine inatembea upande upande, inajisugua mpaka inakwisha. Watu wanakwepa hiyo pesa ya paralelisme kisha wananunua pine, mi hiyo hesabu siielewagi.

FURAHA: Nimeifanya jana, na pine mpya niko nayo.

BAHATI: Na rotile ya upande mwingine, kauchu kake kazima?

FURAHA: ...Sikuangalia.

BAHATI: Leta kriki twende tuangalie.

FURAHA: Iko ndani ya gari.

BAHATI: Na gari?

FURAHA: Bwana ameenda nayo Sake asubuhi.