Anayetukana Tunamkamata, Mwenye Spika Je?

Asanteni. Shikamooni wakubwa, na nyie wa benchi za nyuma mambo vipi, sogeeni huku mbele viti vipo. Nimeombwa niongelee unyanyasaji wa mtandaoni, na kawaida mada hii ikifika chuoni inaishia kuwa wosia kwa watoto wa kike, usiposti hivi, usivae vile, funga akaunti. Leo hiyo naiweka pembeni, maana anayeambiwa afunge akaunti ni yuleyule anayetukanwa, kwa hiyo anapigwa halafu anafukuzwa. Mi nataka tumwongelee mwenye jukwaa, ile kampuni ya mtandao wa kijamii, maana kwenye ugomvi wote huu yeye ndo anaingiza hela na yeye ndo haulizwi kitu.

Hebu chukua hili, nimeliona kwa mtu wa karibu na jukwaa silitaji. Binti anauza nguo onlaini, kamjibu mteja kwa ukali kidogo, mtu kaskrinshoti, ikasambaa, kufika usiku komenti hazihesabiki. Matusi yale ya kawaida alishayazoea, masikini, ila mmoja kaandika hivi: "tunajua unaposhukia daladala." Akabonyeza vidoti vitatu, ripoti, akaulizwa ni spamu? ni utapeli? ni chuki? akachagua, asubuhi jibu likaja kwamba wamekagua na haijakiuka miongozo ya jamii. Na kweli, ukiitazama ile sentensi haina neno baya hata moja, mashine itaipitisha tu, lakini msomee mtu yeyote wa Mbagala uone kama hatakwambia huyo binti asirudi peke yake leo. Sasa nani aliikagua? Kiswahili anakijua? Ukitaka kuuliza unamuuliza nani, maana ofisi hakuna, namba hakuna, kuna kitufe cha kukata rufaa na ukikibonyeza unarudishiwa jibu lilelile. Na msidhani ni binti mmoja. Mwaka 2020 Pollicy, lile shirika la Kampala, walitoa utafiti wa nchi 5 ikiwemo Kenya na Uganda, na asilimia 28 ya wanawake waliohojiwa walisema yameshawakuta.

Mtaniambia sheria ipo. Ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015, kifungu cha 23, ukimtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha au kumsumbua faini haipungui milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3, au vyote. Kenya wana ya kwao ya 2018, kule inafika shilingi milioni 20 za Kenya au miaka 10. Makali kwelikweli, ila zote zinamlenga aliyeandika, na aliyeandika mara nyingi ni akaunti feki yenye picha ya ua. Halafu sheria yetu hiyohiyo inasema mtoa huduma halazimiki kufuatilia kinachopita kwake. Mi hilo silipingi sana, sitaki kampuni isome meseji zangu zote, lakini kutofuatilia ni kitu kimoja, na kukaa kimya ukishaletewa ripoti mkononi ni kitu kingine kabisa.

Utetezi wao ni kwamba wao ni ukuta tu, watu ndo wanaandika. Marekani kuna sheria ya 1996, Sekisheni 230, inayowakinga kwa hoja hiyo, na kumbukeni Facebook yenyewe imezaliwa 2004, yaani kinga ilikuwepo kabla ya anayekingwa. Ila jamani huu ukuta unachagua nani asikike! Nyaraka alizozitoa Frances Haugen mwaka 2021, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, zilionyesha kuwa kuanzia 2017 Facebook waliihesabu emoji ya hasira mara 5 ya laiki ya kawaida kwenye kuamua posti gani isukumwe mbele. Hiyo ni sawa na kigodoro ambacho MC anatafuta nani anachamba vizuri ampe maiki, anaongeza spika, watu wanajaa, anauza soda, polisi wakija anasema mi nilikuja kupiga mziki tu.

Sasa niwapeleke Nairobi, maana kesi ya maana kuliko zote ipo pale. Profesa Meareg Amare alikuwa anafundisha kemia Chuo Kikuu cha Bahir Dar, Ethiopia, ni Mtigray, na ulikuwa wakati wa vita vya serikali na wapiganaji wa Tigray. Oktoba 2021 zikawekwa posti Facebook zenye picha yake, zinamtuhumu, zinasema anapokaa. Mtoto wake akaripoti, akarudia kuripoti. Tarehe 3 Novemba baba akapigwa risasi nje ya nyumba yake. Mtoto anasema jibu la kampuni kuhusu posti mojawapo lilikuja siku 8 baada ya baba kuuawa. Siku 8. Yaani na sisi tunaolalamika kuchelewa kujibiwa tuna afadhali, tupo hai.

Desemba 2022 mtoto huyo akafungua kesi dhidi ya Meta, wenye Facebook, Mahakama Kuu ya Kenya, pamoja na mtafiti wa haki za binadamu na shirika la Katiba Institute. Kwa nini Kenya? Kwa sababu kazi ya kukagua maudhui ya nchi nyingi za huku ilikuwa inafanyiwa Nairobi, kwa kampuni ya Sama, vijana wanaangalia maiti na ubakaji kutwa nzima kwa hela ya madafu, na wao pia wakashtaki, kuanzia 2022. Meta wakaja na hoja kwamba mahakama ya Kenya haina mamlaka juu yao. Aprili 2025 Mahakama Kuu ikasema inayo, kesi iendelee. Haijasema Meta wana hatia, tusitie chumvi, lakini mlango umefunguka, na wengi wetu tuliambiwa huo mlango haupo.

Wenzetu Ulaya wao wana sheria yenye faini ya hadi asilimia 6 ya mapato ya kampuni ya dunia nzima kwa mwaka, Desemba 2025 X, ile Twitter ya zamani, wakapigwa euro milioni 120. Uingereza ni hadi asilimia 10. Ndo maana ripoti ya kule ina wa kuisoma.

Ila hapa tuwe macho, kwa sababu serikali zetu zikiskia "tuwabane" zinaenda kuzima. Mei 2025 X ilifungwa hapa kwetu, sababu ikatajwa ni picha za ngono, watu wakahamia VPN, na sijaona dada hata mmoja aliyekuwa akitukanwa akapata nafuu. Kufunga jukwaa kunamnyamazisha aliyeonewa pamoja na aliyemwonea, na ukimpa waziri mamlaka ya kufuta posti ataanza na zile zinazomsema yeye, mnacheka lakini mnajua.

Mi ningeomba vitu vidogo tu kwenye sheria. Kampuni iwe na mtu hapa nchini anayepokea hati ya mahakama. Ripoti ya tishio ijibiwe ndani ya saa 24 na mtu anayekijua Kiswahili, sababu ziandikwe. Kila mwaka watoe idadi, ripoti ngapi za Kiswahili, ngapi zimefutwa, wakaguzi wangapi. Na wakipuuza, anayelipwa fidia awe aliyeumizwa, isiishie hazina.

Mpaka hapo tutakapofika, ukiripoti chochote hifadhi linki, skrinshoti yenye tarehe na saa, na lile jibu lao la "haijakiuka", hilo usilifute hata likikuudhi, mwanasheria wako ataanzia hapo. Haya, maswali. Yule dada mwenye mtandio wa kijani alinyoosha mkono zamani, aanze yeye.