Geoffrey Spicer-Simson na boti za Mimi na Toutou: Afisa wa Majini Aliyefika Ziwa Tanganyika kwa Nchi Kavu

Wazee wangu, shikamooni. Walimu na wanafunzi, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumze juu ya Geoffrey Spicer-Simson, afisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyepigana na Wajerumani katika ziwa letu hili mwaka 1915 na 1916. Huko kwao, wengi wanaomsimulia humfanya mtu wa kuchekwa: mwenye majigambo, mwili umejaa michoro, amevaa sketi ya kaki kambini. Hayo yote ni kweli. Lakini mtu akiishia hapo amekosa jambo kubwa, nalo ni namna boti mbili za vita zilivyopanda mlima katikati ya Afrika, na nani hasa waliozipandisha.

Alizaliwa Hobart, katika kisiwa cha Tasmania, mwaka 1876. Akiwa na miaka 14 tu alikuwa ameshaingia jeshini. Kama mnavyojua, wakati ule jeshi la majini la Uingereza lilikuwa kubwa kuliko yote duniani, na kijana aliyeingia mapema alitazamia kuongoza manowari akiwa na umri wa makamo. Kwake haikuwa hivyo. Mwaka 1905, katika mazoezi, alibuni kufunga kamba kati ya manowari mbili ili kunasa darubini za nyambizi, na nusura aizamishe nyambizi ya Waingereza wenyewe. Safari nyingine alipandisha chombo ufukweni. Tena manowari yake ikagonga boti ndogo na kuizamisha. Wenzake wakapanda vyeo, yeye akabaki luteni kamanda.

Hata hivyo, kuna kazi moja aliyoifanya kwa miaka mingi bila makelele, nayo ni kupima mito. Alifanya upimaji nchini China, na kuanzia mwaka 1910 hadi vita vilipoanza alikuwa Gambia, akipima mto na kuchora ramani. Anayepima mto huzoea kukaa miezi mbali na makao makuu, kuishi na watu wa nchi, na kujua chombo kipi kinapita kwenye maji kiasi gani. Isitoshe, alizungumza Kifaransa vizuri. Shikeni haya mawili, maana huko Kongo ndiyo yaliyomfaa.

Mwaka 1914 akapewa kikosi kidogo pwani ya Uingereza. Tarehe 11 Novemba nyambizi ya Wajerumani ikaizamisha manowari ya kikosi chake, Niger, karibu na mji wa Deal, yeye akiwa nchi kavu. Basi akawekwa mezani London kushughulikia karatasi, na pengine hadithi yake ingekwisha hapo.

Sasa tuje kwetu. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika hapa Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914. Vita vilipoanza, Wajerumani walikuwa na meli mbili majini, Hedwig von Wissmann na Kingani. Mwezi Agosti wakaiharibu meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, na ziwa lote likawa mikononi mwao. Wakaweza kupeleka askari popote kando ya ziwa. Tena hapa hapa Kigoma walikuwa wakiunganisha meli kubwa, Graf von Götzen, iliyokuja vipande vipande ndani ya maelfu ya makasha kutoka Papenburg, Ujerumani.

Habari hizo zilifikishwa London na mwindaji wa tembo aitwaye John Lee, mwezi Aprili 1915. Alipendekeza boti ndogo za kasi ziletwe kwa meli hadi Cape Town, kisha kwa reli, kisha zivutwe porini. Amirali Sir Henry Jackson wa jeshi la majini alikubali, akisema ni wajibu na desturi ya jeshi lake kumkabili adui popote penye maji ya kuelea meli. Alipotafutwa kiongozi, maafisa wazuri walikuwa na kazi nyingine. Spicer-Simson alikuwa mezani.

Boti zilikuwa mbili, za mbao, urefu wa takriban mita 12. Akazipa majina ya Mimi na Toutou. Waliondoka Uingereza mwezi Juni wakiwa watu 28 hivi, wakashuka Cape Town, wakapanda treni hadi Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, na mwanzoni mwa Agosti reli ikawaishia Fungurume.

Hapa naomba tukae kidogo. Kutoka Fungurume hadi Sankisia, ambako reli ndogo ilianzia, ni karibu kilomita 235. Katikati upo mlima Mitumba, na njia inapanda hadi mita 1,800 hivi. Kulikuwa hakuna barabara. Watu wa vijiji vya Katanga, huko Kongo, walikata miti, wakang'oa visiki, wakajaza mabonde kwa magogo na mawe, wakajenga madaraja zaidi ya mia moja. Yaliletwa magari mawili ya mvuke ya kukokota mizigo, ambayo yalikunywa maji mengi mno, na ilikuwa kiangazi. Wanawake ndio waliobeba maji hayo, mitungi kichwani, mwendo wa kilomita nyingi, ili moto wa wazungu usizime njiani. Palipokuwa na mteremko mkali, boti zilishushwa kwa kamba. Palipolishinda gari, walifungwa maksai kwa makumi, na watu wakavuta pamoja nao. Safari hiyo ilichukua wiki sita.

Nimetafuta majina ya watu hawa katika kila nilichoweza kusoma. Majina ya Waingereza yapo yote, hadi mpishi. Ya wale waliojenga madaraja na kubeba maji hayapo. Yananiuma haya, na sitaki niyaseme kwa kupita. Zile nishani zilizokuja baadaye zilikaa juu ya mabega ya watu wa Katanga.

Kutoka Bukama, ilikoishia reli ndogo, waliteremka mto Lualaba, maji yakiwa haba kiasi kwamba boti zilifungiwa mapipa ubavuni ili zielee. Hapo mpima mito alikuwa kwenye fani yake. Kutoka Kabalo wakachukua treni tena hadi ziwani, palipo Kalemie ya leo, wakafika mwisho wa Oktoba.

Mapigano yenyewe yalikuwa mafupi. Tarehe 26 Desemba 1915 Kingani ilikuja kuchunguza. Mzinga wake uliweza kupiga mbele tu, na boti zile za kasi ziliijia kwa nyuma. Katika dakika 11 nahodha wake alikuwa ameuawa na meli imetekwa. Ikatengenezwa, ikaitwa Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig ikaja kuitafuta mwenzake. Boti ya Mimi ikaikimbilia na kuisumbua, Fifi ikasogea na mzinga mzito, na Hedwig ikazama. Kwa ushindi ule wa Desemba Spicer-Simson alifanywa kamanda kamili, na pongezi za mfalme zikamfikia. Waholoholo wa upande ule walimfinyanga sanamu za udongo.

Siku iliyofuata Götzen ikatokea. Maafisa wa Spicer-Simson walitaka kuishambulia, yeye akakataa. Wapo wanaomwita mwoga kwa hilo, nami sikubaliani nao. Götzen ilikuwa na mzinga wa milimita 105 uliotoka kwenye manowari ya Wajerumani, Königsberg. Kupeleka boti ya mbao mbele ya mzinga huo kungekuwa kuua watu bure.

Lakini yaliyotokea mwezi Juni siwezi kumtetea. Jeshi la nchi kavu la Waingereza lilikuwa linaizingira Bismarckburg, yaani Kasanga, na yeye alitakiwa kufunga njia ya majini. Akaona mizinga juu ya boma, akaondoka. Wajerumani wakatoroka usiku kwa mitumbwi. Boma lilipoingiwa, mizinga ile ikakutwa ni ya magogo. Na Götzen? Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 karibu na mdomo wa Malagarasi, mitambo ikiwa imepakwa grisi vizuri. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Meli yenyewe mnaijua.

Hakupewa tena kikosi cha vita. Kifaransa chake kilitumika katika mkutano wa amani wa Paris mwaka 1919. Kuanzia 1921 hadi 1937 alikuwa katibu mkuu wa ofisi ya kimataifa ya upimaji wa bahari huko Monaco, kazi iliyomfaa kuliko zote alizowahi kupewa. Alifariki Kanada mwaka 1947.

Nimekuja na ramani ya njia ya Fungurume hadi Sankisia, nitaibandika ukutani hapa. Najua wengi wenu ni Wamanyema, na wengine mna wazee waliovuka kutoka Kalemie. Kama kuna mtu nyumbani kwake ilisimuliwa habari ya boti zilizovutwa porini, tafadhali aje aniambie, na kama lipo jina, nitaliandika. Karibuni maswali.