Barua Zenye Saini ya Steve

Ahsante, Mwenyekiti. Wamo humu walioshanisikia nikilizungumza jambo hili, na leo watanisikia tena, maana matangazo ya kazi za kompyuta yanaandikwa vilevile kila mwaka: shahada ya fani fulani, uzoefu wa miaka kadhaa mfululizo, umri usizidi hapa. Sharti linaloniudhi kuliko yote ni hilo la mfululizo. Mtu aliyekaa nyumbani kulea, aliyeuguza mzazi, aliyehama nchi, aliyefundisha shule kwanza akaja kwenye programu akiwa na miaka 35, wasifu wake unatupwa pembeni kabla binadamu hajausoma. Halafu hao hao wanaoutupa ndio wanaojaza kumbi kusikiliza habari za watu wa teknolojia waliopita njia zisizo za kawaida. Wanapiga makofi, wanafuta machozi, wanarudi ofisini na kuchuja kama jana.

Leo sitaki makofi ya namna hiyo. Nitamzungumzia mtu mmoja kwa kirefu, na nawaomba mtazame alivyoipanga kazi yake.

Stephanie Shirley, mwanamke aliyeanzisha kampuni ya programu za kompyuta Uingereza, alizaliwa Dortmund, Ujerumani, mwaka 1933, na jina lake wakati huo lilikuwa Vera Buchthal. Baba yake alikuwa jaji Myahudi, Wanazi wakamng'oa kwenye kiti chake. Mwaka 1939, akiwa na miaka 5, alipandishwa treni na dada yake wa miaka 9 katika ule mpango wa Kindertransport, wa kuwaokoa watoto wa Kiyahudi na Wanazi, akafika Uingereza kulelewa na watu asiowajua. Hayo mnayajua, sitakaa hapo. Shule yake ya wasichana haikufundisha hisabati aliyoihitaji, ikabidi aende kuisoma kwenye shule ya wavulana. Ulipofika wakati wa chuo kikuu, sayansi iliyokuwa wazi kwa msichana kama yeye ilikuwa botania, elimu ya mimea. Akaachana nayo. Akiwa na miaka 18 akaingia kwenye kituo cha utafiti cha shirika la posta, Dollis Hill, London, ambako kompyuta zilikuwa zikiundwa kipande kwa kipande. Jioni akitoka kazini anakwenda darasani. Shahada yake ya hisabati ilimchukua miaka 6 ya jioni hizo.

Nimelitaja hilo makusudi, kwa sababu najua kuna mtu ameshaandaa swali: kwa hiyo wewe unasema vyeti havina maana? Sijasema hivyo. Huyu mama aliithamini elimu kiasi cha kuifuata usiku akiwa amechoka. Ugomvi wangu ni na sharti kwamba elimu ipatikane kwa njia moja, katika umri mmoja, bila kukatika hata mwaka.

Mwaka 1962 akafungua kampuni yake, Freelance Programmers, kwa mtaji wa pauni 6. Alitaka kuuza programu. Siku hizo programu ilikuja bure pamoja na mashine, kwa hiyo watu walimcheka mara mbili: nani atanunua kitu kinachotolewa bure, na nani atakinunua kwa mwanamke? Akaandika barua kwa makampuni kutafuta kazi, akasaini jina lake kamili, Stephanie Shirley. Kimya. Mume wake, Derek, akamshauri asaini Steve, jina alilokuwa akiitwa nyumbani. Huduma ni ileile, mwandishi ni yuleyule. Majibu yakaanza kuja, miadi ikapangwa, na akawa ameshaingia ndani ya ofisi kabla mtu hajagundua kwamba Steve ni mama.

Mwaka uliofuata akazaliwa mtoto wake, Giles. Ofisi ilikuwa nyumbani. Mteja anapiga simu, mtoto analia. Alichofanya, alirekodi sauti ya mashine ya taipu kwenye kinasa sauti, na simu ikilia anauwasha mkanda. Mteja anasikia vidole vinapiga vitufe bila kupumzika, anaamini anazungumza na ofisi yenye makatibu muhtasi wa kutosha. Watu wakiusikia mkasa huu hucheka. Mimi hunikera. Mwanamke mwenye akili ile, aliyekwishaunda kompyuta, ilimlazimu afiche kwamba ana mtoto ndipo apewe kazi ambayo aliimudu kuliko waliokuwa wakimpa. Na waombaji wetu wa leo, hawafichi? Kina mama wangapi wanaulizwa kwenye usaili, "miaka hii mitatu ulikuwa wapi?", na jibu la kweli ndilo linalowakosesha kazi?

Sasa tuingie kwenye kiini. Uingereza ya wakati ule, mwanamke akijifungua alitarajiwa kuacha kazi. Kwa hiyo nchi nzima ilikuwa na wanawake waliofundishwa programu kwa gharama kubwa, wamekaa majumbani, na hakuna kampuni iliyowahesabu. Shirley ndiye aliyewahesabu. Wafanyakazi wake 300 wa kwanza, 297 walikuwa wanawake, karibu wote wakifanyia kazi nyumbani. Mwombaji aliulizwa, pamoja na mengine, kama ana simu ya kutumia. Kazi yenyewe ilikuwa ya penseli. Unachora mtiririko wa hatua kwenye karatasi, unaugeuza kuwa msimbo wa mashine, yaani maagizo ambayo kompyuta inayaelewa moja kwa moja, mara nyingi ukiwa mezani jikoni mtoto amelala. Karatasi zinatiwa kwenye bahasha, zinakwenda kwa posta hadi kituo cha data. Huko mtu anazitobolea kadi au utepe wa karatasi, kisha zinatobolewa upya ili kulinganisha na kukamata makosa. Yote hayo kabla kompyuta haijaguswa! Ukikosea herufi moja Jumatatu, unaweza usijue mpaka bahasha irudi.

Fikirini maana yake kwa mtu anayeongoza kazi hiyo. Huwezi kusimama nyuma ya mfanyakazi ukamchungulia. Huwezi kuhesabu saa zake, maana anafanya kazi vipande vipande, asubuhi kidogo, usiku kidogo. Kwa hiyo Shirley aliwatajia wateja bei moja ya kazi nzima, badala ya kutoza kwa saa, miongoni mwa wa kwanza kabisa katika biashara hiyo kufanya hivyo. Bei hiyo ilificha kwamba watu wake ni wa muda na wako majumbani, lakini pia ilimlazimu ajue mapema kazi ni kubwa kiasi gani, jambo linaloshinda makampuni mengi hadi leo. Na kwa kuwa kipande cha huyu lazima kiungane na kipande cha yule asiyemwona, ilibidi kila kitu kiandikwe kwa utaratibu ambao mwingine anaweza kuufuata. Kampuni ikaandaa viwango vya kusimamia kazi ya programu. Viwango hivyo hatimaye vilichukuliwa na NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi.

Nawaomba mlishike hilo kuliko ile saini na ule mkanda wa taipu. Utaratibu ule ulizaliwa na hali ya watu wenyewe. Angeajiri vijana wa kiume wenye shahada, awakalishe kwenye ukumbi mmoja chini ya msimamizi, asingehitaji kuubuni. Tukimtaja Shirley kama mfano wa uvumilivu tu tunampunja, kwa sababu njia aliyopita ndiyo iliyompa ujuzi ambao waliopita barabara kuu hawakuwa nao. Mnapomchuja mtu kwa sababu wasifu wake una mapengo, mnauchuja ujuzi huo pia.

Mtasema, huyo ni mmoja, alikuwa na kipaji cha peke yake. Sawa, alikuwa nacho. Lakini wale 297? Walikuwa wanawake waliokuwa na kazi, wakaipoteza kwa kuwa mama, wakaipata tena kwa sababu mtu mmoja alibadilisha sharti la kuingia. Programu za kuchambua kisanduku cheusi cha Concorde, ndege ya abiria iliyoruka kwa kasi kuliko sauti, ziliandikwa na kikundi cha wanawake 30 wakiwa majumbani mwao. Anayeniambia kwamba kufungua mlango ni kushusha viwango aniambie kwanza Concorde ilikuwa kazi ya viwango gani.

Na hapa nawajibu pia wanaodai kwamba kazi ya nyumbani haisimamiki. Leo kuna waajiri wanaoweka programu za kuhesabu mfanyakazi amebofya kibodi mara ngapi kwa saa, katika zama ambazo kila mtu ana intaneti, video na kila chombo cha kushirikiana. Shirley aliendesha kampuni kwa simu ya mezani na stempu za posta, kwa msingi wa kuwaamini watu na kuwadai kazi iliyokamilika. Anayeshindwa leo aangalie uongozi wake.

Mwaka 1975 ikapitishwa sheria ya Uingereza ya kukataza ubaguzi wa kijinsia kazini, na kampuni iliyokuwa kimbilio la wanawake ikalazimika kuajiri wanaume sawasawa. Ikawaajiri. Kisha akawapa wafanyakazi robo ya kampuni, hisa zikitoka mfukoni mwake mwenyewe. Soko la hisa la London halikukubali wanachama wanawake hadi 1973, na mwaka 1996 kampuni yake iliorodheshwa humo humo. Wafanyakazi 70 wakawa mamilionea. Giles alikuwa na usonji mkali, na kwa miaka mingi mama huyo alibeba kampuni mkono mmoja na mtoto mkono mwingine, hadi afya yake mwenyewe ikavunjika akalazwa. Giles alifariki mwaka 1998 akiwa na miaka 35. Sehemu kubwa ya utajiri wake Shirley aliitoa, kwanza kwa ajili ya watu wenye usonji. Alifariki Agosti 2025, ana miaka 91.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kumzungumzia Grace Hopper kwa kituo, itabidi niharakishe. Alikuwa mwalimu wa hisabati wa chuo. Jeshi la majini la Marekani lilimwona mzee mno na mwepesi mno kwa uzito, akaingia kwa ruhusa maalumu mwaka 1943. Mwaka 1952 alipotengeneza programu ya kutafsiri maagizo kuwa msimbo wa mashine, waliambizana kwamba kompyuta inajua hesabu tu, haiwezi kuandika programu. Alistaafu, akaitwa tena, akastaafu kabisa mwaka 1986 ana miaka 79. Pima hapo masharti yenu ya umri.

Na Lynn Conway, mhandisi wa kompyuta wa Marekani. Kampuni ya kompyuta ya IBM ilimfukuza kazi mwaka 1968 alipokuwa akibadilisha jinsia. Akaanza upya chini kabisa, kwa jina jipya, hawezi hata kutaja alichokwishabuni. Miaka kumi na ushee baadaye, yeye na profesa Carver Mead wakawafundisha wahandisi wa dunia njia mpya ya kusanifu chipu. IBM iliomba radhi mwaka 2020. Miaka 52! Hesabuni walichopoteza.

La mwisho ni kwa wanaoandika matangazo. Ondoeni sharti la mfululizo. Swali la pengo kwenye wasifu liondoeni kwenye usaili kabisa, msiliweke hata mwishoni. Mpeni mwombaji programu fupi yenye kasoro, airekebishe kwao kwa muda wake, mumlipe kwa kazi hiyo, kisha aandike maelezo ya kumwezesha mwenzake kuiendeleza bila kumpigia simu. Msomeni kwenye maelezo yale. Kuhusu mishahara ya wanaorudi kazini baada ya ulezi nilikuwa na mengi, lakini muda umekwisha, niulizeni. Naona mkono pale nyuma, karibu.